Neno moja lililomkosesha mama usingizi

Mimi ni mwalimu wa isimu. Kwa zaidi ya miaka kumi nimesimama mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu nikiwahimiza wasitafsiri neno lolote kabla ya kuuliza neno hilo linaishi wapi na linafanya kazi gani. Wengi nimewakata alama kwa kosa hilo. Ni haki basi wasomaji wa ukurasa huu, ambao najua aghalabu ni walimu na wanafunzi, waambiwe jinsi mimi mwenyewe nilivyolitenda kosa lilo hilo, mchana kweupe, likaigharimu jamaa yetu majuma matatu ya kimya.

Mwaka wa 2018 nilialikwa kufundisha kwa muhula mmoja katika chuo kikuu kimoja jimboni Minnesota, Marekani. Sikupanga nyumba. Dada yangu mdogo, ambaye ni muuguzi, anaishi huko na mumewe na mtoto wao wa kiume wa miaka saba, katika mojawapo ya miji midogo iliyouzunguka mji mkuu wa biashara, Minneapolis, kwa upande wa kaskazini. Wakenya si haba pande hizo. Ukienda viunga vya Brooklyn Park siku ya Jumamosi, huenda ukasikia Ekegusii kabla ya kusikia Kiingereza, na chapati hazitafutwi kwa tochi.

Nilifika mwishoni mwa Agosti, jua likiwa kali kama la Voi. Kabla Septemba haijaisha, hewa ilianza kuuma masikio na miti ikaanza kubadilika rangi. Nilikuwa nimesoma habari hizo vitabuni tangu utotoni, ila kusoma na kuona ni mambo mawili. Kando ya njia ya dada yangu kulikuwa na miti ile ambayo utomvu wake hupikwa ukawa sharubati tamu. Juma moja ilikuwa kijani, la pili manjano, la tatu nyekundu kama kaa la moto. Kisha ukavuma upepo usiku mmoja, na asubuhi tukakuta majani yote chini, yamepukutika kama wali uliopikwa na mtu anayejua kupika.

Mpwa wangu akaniuliza, kwa Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili anakisikia lakini hakijibu: "Mjomba, msimu huu kwenu unaitwaje?"

Nikamjibu bila kusita, "Vuli."

Msomaji mpenzi, hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na halikuwa dogo. Wapo wanaofasiri hivyo, na hata katika daftari za wanafunzi wangu nimekutana na sentensi zinazosema kwamba majani yalipukutika wakati wa vuli. Lakini vuli ni nini? Ni mvua. Ni zile mvua fupi za kuanzia Oktoba hadi Disemba ambazo kwetu Taita wakulima huzitegemea pengine kuliko masika yenyewe. Katika vuli ardhi hulainika, mbegu hutiwa, na kila kilichokauka huchipuka. Huko Minnesota, katika miezi iyo hiyo, bustani hukauka, ndege huhamia kusini na ardhi hujiandaa kuganda. Mwenye kuuita wakati huo vuli ameyashika mambo kichwa chini miguu juu. Wengine, wakitaka kuonyesha ujuzi zaidi, husema demani. Demani nayo ni ya mabaharia: ni kipindi ambapo kusi imekwisha nguvu na kaskazi haijaingia, bahari ikatulia. Haina jani hata moja ndani yake.

Majira yetu ya pwani yalipewa majina na upepo na mvua, kwa sababu jahazi na jembe ndivyo vilivyokuwa vikipanga maisha ya watu. Wala si sisi pekee. Waingereza wenyewe, zamani za kale, hawakuwa na neno walitumialo leo. Kipindi hicho chote walikiita kwa jina lililomaanisha mavuno, na binamu zao Wajerumani hadi leo hukiita Herbst, neno la asili iyo hiyo. Watu walipozidi kuhamia mijini na wengi wao wakawa hawavuni tena chochote, jina la mavuno likabaki shambani, na majira yakatafutiwa majina mengine: moja likatoka Kilatini kupitia Kifaransa, na la pili likaundwa kutokana na kule kuanguka kwa majani. Hilo la pili ndilo Wamarekani walilolishikilia. Ndiyo sababu mimi sioni haya kusema "majira ya majani kupukutika," ingawa ni maneno manne badala ya moja. Afadhali maneno manne ya kweli.

Lakini nataka kusimulia juu ya watu, si majina ya majira tu.

Nilichokiona katika miji ile midogo kati ya Septemba na mwisho wa Oktoba ni jinsi familia zinavyotolewa nje ya nyumba kabla theluji haijawafungia ndani. Kila Jumamosi palikuwa na jambo. Mara kikosi cha wazima moto kinafungua milango yake ili watoto wapande magari mekundu na kushika mipira ya maji. Mara mkulima fulani anaifungua shamba lake: watoto wanapandishwa kwenye trela lililojaa nyasi kavu, linavutwa na trekta polepole hadi kwenye maboga, kila mmoja anachagua lake. Mkulima mwingine alikuwa amefyeka vijia ndani ya shamba la mahindi, vijia vya kukusudia kupotea, na watu wanalipa fedha ili wapotee na watoto wao. Mimi niliyekulia katika mahindi nilipotea humo kwa muda wa nusu saa, nikatolewa na mtoto wa miaka saba. Sikumwambia mtu, ila leo.

Kilele cha yote hayo kilikuwa Anoka. Huu ni mji wa watu wapatao elfu kumi na nane, ulioko pale mto Rum unapoingia katika Mississippi. Jina lake linatokana na lugha ya Wadakota, wenyeji wa asili wa pande hizo, na maana yake ni "pande zote mbili," yaani za mto. Mji huu hujiita makao makuu ya Halloween duniani, na una hadithi ya kujitetea. Inasimuliwa kwamba karne moja iliyopita vijana wa Anoka walikuwa na mazoea ya kuugeuza usiku wa Oktoba 31 kuwa usiku wa vituko. Wenye mji waliamka asubuhi wakakuta ng'ombe wakizurura katika barabara kuu, madirisha yamepakwa sabuni na vyoo vya nje vimepinduliwa. Wazee wa mji na wafanyabiashara wakakutana. Hawakuita polisi. Mwaka wa 1920 waliandaa gwaride, wakawapa watoto barabara yote, wakawagawia bisi, njugu na peremende, na wakawasha moto mkubwa wa kuota. Mwaka wa 1937 mvulana wa miaka 12, Harold Blair, alikwenda Washington kuupigania mji wake utambuliwe kwa cheo hicho. Gwaride lilisimama mwaka wa 1942 na 1943 kwa ajili ya vita vya dunia, kisha likaendelea.

Ninaomba walimu wenzangu wanivumilie nitoke njiani kidogo. Nilipoisikia hadithi hiyo sikuweza kujizuia kufikiria shule zetu. Viboko vilipigwa marufuku kisheria mwaka wa 2001, na tangu hapo kila bweni linapochomwa huzuka mjadala ule ule: kirudi kiboko au kisirudi? Sijapata kusikia kamati ya wazee wa kijiji ikikaa kuuliza watoto wapewe nini cha kufanya usiku ambao inajulikana watafanya vurugu. Sisemi gwaride na peremende zitazima moto wa bweni. Bweni si choo cha kupinduliwa, na kuna watoto waliokufa. Nasema tu kwamba watu wa Anoka walianza na swali ambalo sisi hatujaanza nalo.

Basi Jumamosi ya mwisho wa Oktoba tulikwenda. Watu walikuwa wameweka viti vya kukunja kandokando ya barabara mapema ili kuweka nafasi zao, nami nikashangaa kwamba hakuna kiti kilichoibwa. Bibi vizee walijifunika mablanketi. Bendi za shule zilipita na matarumbeta, yakafuata magari ya wazima moto, mbwa waliovishwa mbawa, na watu waliopaka nyuso rangi ya maiti wakirusha peremende. Dada yangu alimnunulia mtoto mavazi makubwa kuliko mwili wake, nikadhani amekosea kipimo. Kumbe huko mavazi ya siku hiyo hununuliwa kwa kukadiria koti la baridi litakalovaliwa ndani. Wenyeji hawajaisahau Halloween ya mwaka wa 1991, theluji ilipoanza kuanguka siku yenyewe na haikukoma hadi Novemba 3, ikafikia kimo cha zaidi ya sentimita 70 mjini Minneapolis. Hata vijana ambao hawakuwa wamezaliwa husimulia kana kwamba waliikoga.

Mavazi yenyewe yalikuwa meusi, yamechorwa mifupa meupe toka shingoni hadi vifundoni. Kichwani, fuvu.

Saa sita mchana kule ni saa mbili za usiku kwetu. Dada yangu alipiga simu ya video kwa mama, ambaye anakaa Wundanyi, ili amwonyeshe mjukuu wake jinsi alivyopendeza. Mama alikuwa ametoka kula, amechoka. Siku hiyo walikuwa wakitia maharagwe. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Huko nako mnapanda?" Dada akacheka akasema kule watu wamemaliza kuvuna. Kisha akamsogeza mtoto mbele ya simu.

Mama alinyamaza. Halafu akauliza polepole, "Nini hicho alichovaa mtoto?"

Dada yangu akaanza kueleza, maneno yakamwishia, akanigeukia. "Kaka, hebu mwambie mama. Wewe ndiwe mwenye lugha."

Nami mwenye lugha nikaichukua simu na kusema, kwa sauti ya kujiamini: "Ni sikukuu ya mizimu, mama. Watu wote wa mji wako barabarani, wanaandamana."

Laiti ningeyameza maneno hayo. Tuyatazame moja moja, kama tunavyofanya darasani. Kuandamana, kwa asili yake, ni kufuatana tu; lakini kwa Mkenya aliyekaa karibu na redio katika miaka hii yote, maandamano yananuka vitoa machozi. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa mizimu. Mimi kichwani mwangu nilikuwa natafsiri neno la Kiingereza, lile la vitu vyeupe vya kuchekesha vinavyoning'inizwa vibarazani. Mama hakusikia Kiingereza. Alisikia Kiswahili. Mzimu kwa Kiswahili ni roho ya aliyetangulia, babu mwenye jina na mahali pake, anayepelekewa sadaka na kuombwa mvua.

Na mama yangu ni Mtaita. Kule kwetu, kabla ya dini ya wamisheni kuenea, mzee aliyeheshimiwa akiisha kuzikwa, baada ya muda kaburi lilifunguliwa, fuvu lake likatolewa na kuwekwa katika pango pamoja na mafuvu ya ukoo. Ukame ukizidi, wazee walikwenda pale. Mapango hayo mengine yapo hadi leo, na mafuvu yamo. Mama alipokuwa msichana kulikuwa na pango la aina hiyo juu ya njia ya kuendea kuni, naye alifundishwa kupita pale bila kuongea, mlango wa pango akiupa kisogo. Baadaye alibatizwa, akawa mzee wa kanisa. Njia ile hakuacha kuipita kimya. Sasa anaonyeshwa mjukuu wake wa pekee, ambaye hajamshika mkono, amevaa fuvu, naye mwanawe daktari wa falsafa anamwambia kwamba mji mzima wa Wazungu umetoka kuiadhimisha mizimu.

"Mizimu ya nani?" aliuliza.

Swali hilo lilikuwa la kitaalamu kuliko lolote nililoulizwa katika muhula mzima. Sikuwa na jibu. Nikasema, "Ya mchezo tu, mama." Hapo nikaharibu kabisa, kwa sababu jambo hilo kwake halichezewi. Akasema, "Haya," na simu ikakatika.

Kwa majuma matatu hakuzipokea simu za dada yangu. Zangu alizipokea, akanijibu kwa salamu na kuaga. Tulisikia kwa jirani kwamba halali vizuri na kwamba ameomba mtoto aombewe kanisani kwa jina. Dada yangu alinikabili jikoni usiku mmoja baada ya zamu yake, bado amevaa sare za kazi. "Mimi nimekaa miaka tisa hapa nikimbembeleza mama akubali kwamba mtoto wangu hajapotea," alisema. "Wewe umekuja kwa muhula mmoja, umempoteza kwa neno moja." Sikumjibu. Mtu akisema kweli saa tano za usiku hajibiwi.

Nilikwenda chumbani nikafanya kile ambacho ningepaswa kukifanya mwanzoni. Kwanza nililishika jina lenyewe. Asili yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ambayo makanisa kadhaa huiadhimisha Novemba 1. Neno mkesha tunalo, na watakatifu tunao. Desturi za kuwashia taa na kuvaa sura za kutisha zilitoka Ireland na Scotland na kuvushwa bahari na wahamiaji katika karne ya 19. Kule kwao walichonga figili kubwa. Marekani walikuta boga, ambalo ni zao la asili la bara hilo, nalo ni jepesi kuchonga. Ningeweza basi kumwambia mama kwamba ni mkesha wa Watakatifu Wote, na angefurahi. Lakini ningekuwa nimetafsiri historia ya neno, huku nikificha kile alichokiona kwa macho yake. Sikuona mtakatifu hata mmoja Anoka.

Jibu lilikuwa karibu zaidi, nami nilikuwa nimelelewa nalo. Shina -zimu linapatikana katika lugha nyingi za Kibantu likibeba maana ya roho. Kwa Kiswahili tumelitawanya katika ngeli mbalimbali: mzimu ndiye aliyetangulia; kuzimu ni mahali; wazimu ni maradhi ya akili. Na yupo ndugu yao mwingine, zimwi. Zimwi hana kaburi wala ukoo. Hapelekewi sadaka. Anakaa ndani ya hadithi, ana jicho moja au matumbo saba kadiri msimulizi apendavyo, anawatisha watoto, na mwisho hushindwa na mtoto mjanja. Mama ndiye aliyetusimulia habari za mazimwi, mimi na dada yangu, mahindi yakichomwa, naye akinguruma kwa sauti nzito hadi dada akajificha nyuma yangu. Kile kilichopita Anoka hakikuwa mizimu. Yalikuwa mazimwi, mji mzima wa mazimwi, na watoto wajanja wakiyatoza peremende.

Nilimweleza dada asubuhi yake. Hakunipongeza. Alisema wewe usiongee tena, aongee mtoto. Kwa siku nne nilisikia sauti zao sebuleni, mtoto akirudia maneno, akikosea, akiudhika, akirudia. Mtoto ambaye hakuwa tayari kujibu Kiswahili alipokuwa akifundishwa majina ya rangi alikubali kwa sababu sasa alikuwa na kitu cha kusema na mtu wa kumwambia.

Jumapili baada ya ibada, jirani alimpelekea mama simu yake mwenyewe, maana yetu asingeipokea. Mpwa wangu alikuwa bila fuvu. Akavuta pumzi akasema, "Nyanya, shikamoo. Mimi ni zimwi."

Kimya. Kisha akanguruma.

Nilimwona mama akiufunika mdomo kwa kanga. Mabega yakaanza kutikisika. Alipopata sauti, akaifanya nzito, ile ile ya zamani, akauliza: "Zimwi wewe, wataka nini kwangu?"

"Nataka peremende!"

Walinguruma wote wawili kwa muda. Mtoto, aliyeona mambo yamemwendea vizuri, akaongeza neno ambalo halikuwa katika mafunzo ya mama yake. Alisema walikuwa na boga kubwa, na akanyoosha mikono kuonyesha. Mama akauliza walilipikaje. Mtoto akasema hawakulipika, walilitoboa macho, wakalitia taa, sasa limeoza wamelitupa.

Hapo ndipo hasira ya kweli ilipokuja. Kutupa boga zima! Na majani yake, waliyala? Na mbegu? Nani aliyewafundisha kuchezea chakula? Alitaka kusema na mimi. Niliichukua simu nikajitetea kwamba maboga yale ya kuchonga yana nyuzi nyingi na si matamu. Akaniambia hakuna boga lisilo tamu ila kwa mpishi mvivu, na akamwamuru dada aandike: boga dogo, lisilochongwa, lichemshwe na maganda yake, chumvi kidogo, liliwe na chai. Lilipikwa jioni hiyo. Mpwa wangu alikula vipande viwili, cha pili kwa sababu nyanya alikuwa akimtazama.

Nilirudi Kenya mwezi wa Januari, nikapanda Taita kumwona mama. Maharagwe yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Nilimwonyesha picha za njia ile ya dada, miti mekundu, na za juma lililofuata, miti mitupu na majani barabarani. Alizitazama kwa muda mrefu. Akauliza kama miti ile imekufa. Nikasema la, imelala, itaamka mwezi wa nne au wa tano. Akauliza majira hayo wenyewe wanayaitaje. Nilikuwa nimejifunza kutojibu haraka, kwa hivyo nilikunywa chai kwanza, kisha nikamweleza kwamba siku hizi wanayaita kwa kuanguka kwa majani, lakini wazee wao wa zamani waliyaita mavuno.

"Hao wa zamani," mama alisema, akinirudishia simu, "ningeelewana nao."